Koi wanajisugua ukutani na kubana mapezi: nimwage dawa?

Yungiyungi_Tudor
Assalaam aleikum wenzangu. Nina bwawa la saruji uani, lita 6,000 hivi, na koi, wale samaki wa urembo, kumi na mmoja. Siku hizi wanajirusha ubavu kwenye ukuta kama mbwa aliyeingiwa na viroboto. Mapezi wameyabana mwilini, chakula wakikitia mdomoni wanakitema, na alfajiri nawakuta wamesongamana pale maji ya filta yanapodondokea. Madoa meupe sioni. Mmoja ana wekundu tumboni. Maji natumia ya bowza, ya mfereji mtaani kwetu ni ya kubahatisha. Koi wawili ni wageni, niliwaingiza mwezi jana. Jirani asema nimwage pamanganeti, ile dawa ya zambarau, mambo yaishe. Nimwage?

MlaPapa
Hao wa kupaka tu dada. Nazi ninayo.

FundiPampu
Usimsikilize huyo, koi ana miiba midogo midogo, atajuta.

Dada, usimwage kitu kabla ya kupima maji. Kujisugua si ushahidi wa vimelea, samaki hujisugua hata amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu wao, ikimwasha au klorini ikimchoma. Jiulize: walianza wote pamoja, au alianza mmoja kisha wengine wakafuata? Wakianza wote kwa mpigo, mara nyingi ni maji. Wakianza mmoja mmoja baada ya mgeni kuingia, hapo ndipo nashuku vimelea.

Na hilo la alfajiri ni hewa. Usiku mwani hautoi oksijeni, unaivuta pamoja na samaki. Maji ya nyuzi 30 yakiwa yamejaa hewa kabisa hubeba miligramu 7.5 hivi kwa lita. Ya nyuzi 20 hubeba 9. Kwa joto letu la kaskazi unaanza ukiwa umepungukiwa. Weka pampu ya hewa leo, usingoje vipimo.

Mzee_wa_Mikindani
Mimi pamanganeti nimeitumia miaka na samaki wazima. Gramu 2 kwa lita 1,000, basi.

FundiPampu
Mzee wangu, heshima yako, lakini wewe unapima kwa mizani. Wengi humwaga kwa kijiko. Na maji yetu ya pwani, kisima kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, pH, kipimo cha uasidi na ubesi wa maji, iko juu. Hapo ile dawa huwa kali zaidi kwa mashavu ya samaki. Koi aliyekwisha kukosa pumzi humuongezi hilo.

Yungiyungi_Tudor
Nimepima. Amonia miligramu 1 kwa lita, nitraiti 0.5, pH 8.4. Maji saa nane mchana nyuzi 30. Walianza karibu wote pamoja. Kijana wa bustani aniambia sponji za filta huziosha kwa maji ya bowza mpaka ziwe nyeupe.

BintiBamburi
Basi jibu la kwanza ndilo hilo. Bakteria wanaokula amonia wanaishi kwenye hizo sponji. Maji ya bowza yakiwa na klorini yanawaua, na filta inabaki sanduku tupu. Sponji huoshwa kwa maji ya bwawa lenyewe, tena nusu nusu, na zibaki na rangi ya uchafu.

Hiyo amonia 1 usiidharau. Kwa pH 7 na joto hilo, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwa pH 8.4 ni kama asilimia 17. Acha kulisha kabisa, koi mkubwa hafi kwa kufunga wiki. Badilisha robo ya maji kila siku, na maji mapya yatibu kwanza kwa thiosalfeti ya kuondoa klorini. Vile vijiti wanavyopimia mabwawa ya kuogelea mahotelini vitakuonyesha kama klorini imebaki.

Chumvi? Kilo 1 kwa lita 1,000 yatosha kuzuia nitraiti, sumu inayotokana na amonia, isiingie kwenye damu. Ila uliza kwanza bowza linateka wapi. Likiteka kisimani huenda chumvi imo tayari. Na yungiyungi zako zitoe, chumvi ikizidi zitaoza.

Yungiyungi_Tudor
Ahsanteni sana. Amonia sasa haisomi, alfajiri wametawanyika na wanaomba chakula. Lakini wale wageni wawili na mwenzao mmoja bado wanajisugua. Nilimkwangua mmoja ute kidogo ubavuni, daktari wa mifugo akautazama kwa hadubini. Vijinyoo vyenye ndoano nyuma, havina macho.

FundiPampu
Kumbe yalikuwa mawili. Wasio na macho ni wale wa ngozi, Gyrodactylus, wanazaa watoto hai. Wa mashavuni, Dactylogyrus, wana vidoa vinne vya macho na hutaga mayai. Chumvi kwa hawa usiitegemee. Dawa ni prazikwanteli, ndiyo ile ya kichocho, lakini omba ya unga kwa huyo huyo daktari. Gramu 2.5 kwa lita 1,000, kwa bwawa lako ni gramu 15. Kapime kwa sonara kama huna mizani ndogo. Ni ngumu kuyeyuka, ikoroge kwenye chupa mpaka isibaki na mabonge. Dawa haiui mayai, kwa hiyo rudia baada ya wiki, huenda wa mashavuni nao wamo ila ule ute haukuwaonyesha.

Mzee_wa_Mikindani
Na wageni wajao wakae kwenye tangi la peke yao wiki tatu nne kwanza, binti yangu.

Yungiyungi_Tudor
Sawa mzee. Pampu ya hewa niiache wakati wa dawa?

FundiPampu
Iache usiku na mchana. Stima ikipotea, koroga kwa ndoo.