Kupaka wagonjwa mafuta: upako ni nini hasa, na tuanzie wapi?

MzeeWaKanisa_Vihiga:
Bwana asifiwe, wapendwa. Wazee wa kanisa letu tumepewa kazi ya kuombea wagonjwa na kuwapaka mafuta, nyumbani na hospitalini. Hata hatujaanza tumegawanyika. Wengine wanataka yanunuliwe mafuta yaliyochanganywa kwa fomula ya Kutoka 30, wakisema ndiyo yenye upako. Wengine wanasema upako ni wa mchungaji peke yake, sisi tubebe chupa tu. Upako kwa Mkristo ni nini? Mafuta gani yafaa, na yanapakwa vipi?

MwalimuWaNeno_Nakuru:
Asante kwa swali, mzee. Kiyunani cha Agano Jipya kina maneno mawili ambayo Kiswahili chetu kimeyafunika kwa "kupaka mafuta", na hapo ndipo vurugu inapoanzia. La kwanza ni *khrio*, ambalo limezaa jina Kristo, sawa na Masihi wa Kiebrania: aliyetiwa mafuta. Ndilo liko kwenye Luka 4:18, Yesu anaposoma Isaya kule Nazareti. Katika 2 Wakorintho 1:21 Paulo analitumia kwa waumini, na 1 Yohana 2:20 na 27 inasema upako huo mnao nyote na unakaa ndani yenu. Kwa hiyo upako ni Roho Mtakatifu mwenyewe, aliyepewa kila aliye ndani ya Kristo. Haupungui kwa sababu huna cheo.

Neno la pili ni *aleifo*, kupaka kwa kawaida. Mathayo 6:17 analitumia kwa mtu anayefunga: jipake mafuta kichwani, unawe uso. Yakobo 5:14 ametumia hilo hilo kwa wagonjwa, na Marko 6:13 pia. Soma Yakobo 5:15: kinachomwokoa mgonjwa ni kuomba kwa imani. Chupa haikutajwa. Na Yakobo amesema waitwe *wazee wa kanisa*, kwa wingi. Kazi hiyo ni yenu.

Sasa Kutoka 30. Manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane (mmea wenye harufu nzuri) 250, kida (gome lenye harufu kama mdalasini) 500, na mafuta ya zeituni hini moja. Ukihesabu shekeli kama gramu 11.4, hayo manukato ni kilo 17 hivi, na hini ilikuwa kama lita 4. Jaribu kuvikoroga pamoja, utapata tope. Ndiyo maana maandiko yanataja ustadi wa mtengeneza manukato: harufu ilibidi itolewe kwanza. Zaidi ya hapo, mstari wa 32 na wa 33 unakataza kuyaiga au kuyamiminia watu wa kawaida, na adhabu yake ni kukatiliwa mbali na watu wake. Anayewauzia chupa akiita "mafuta ya Kutoka 30" anawauzia kitu ambacho sura yenyewe imekikataza. Msinunue.

Katekista_Kakamega:
Tumsifu Yesu Kristu. Naongeza upande wa Wakatoliki, maana mtakutana nao wodini. Sisi tuna mafuta ya aina tatu: ya wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), ya wagonjwa, na Krisma, ambayo huchanganywa na balsamu na kuwekwa wakfu na askofu. Krisma hupakwa utosini kwenye ubatizo, kwenye paji la uso katika Kipaimara, na viganjani padre anapopewa daraja. Mpako wa Wagonjwa hutolewa na padre au askofu tu, kwenye paji la uso na mikononi. Si wa kufia: mgonjwa anaweza kuupokea tena hali ikizidi kuwa mbaya. Mgonjwa akiwa Mkatoliki, ombeni naye, halafu jamaa wamwite padre.

MzeeWaKanisa_Vihiga:
Nimeelewa, Mwalimu. Basi mafuta yawe yapi, na kiasi gani?

MhudumuWaWodi_Kisumu:
Mafuta safi ya zeituni ya kupikia, yasiyo na manukato. Yale ya nywele na ya watoto yana harufu zinazowasha ngozi ya mgonjwa. Mimina kama mililita 30 kwenye kichupa cheusi chenye kifuniko cha kukaza, andika tarehe, ukiweke mahali penye giza. Kwa joto la huku Kisumu, chupa ikiachwa dirishani au ndani ya gari mafuta huchacha upesi. Yakinuka kama njugu zilizooza, yamekwisha.

Hospitalini, anza kwa muuguzi wa zamu. Nawa mikono, muulize mgonjwa au jamaa yake kama anataka, someni Yakobo 5:13-16, kisha chovya ncha ya kidole gumba na umguse paji la uso mara moja. Tone moja latosha. Usichovye tena kidole kilichogusa mtu. Mimina matone machache kwenye pamba kwa kila mgonjwa, uchovye humo. Usipake karibu na macho, kidonda wala bendeji.

Mgonjwa aliyewekewa oksijeni usimpake usoni kabisa. Mafuta na oksijeni ni hatari ya moto. Mshike mkono, umwombee.

Asinywe mafuta hayo, na asiambiwe aache insulini, ARV au dawa za presha. Na huko kwenu Vihiga kuna Marafiki wengi, yaani Waquaker, wa Kaimosi na kwingineko. Wao kwa desturi hawatumii ishara za nje, hata maji ya ubatizo. Ukimkuta mmoja wao, kichupa kibaki mfukoni, mkae naye kimya kwanza.