Mafundi watatu, pampu mpya, na rejeta bado barafu! Kumbe ni pini tu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikiteleza.

Nyumbani nina rejeta kumi. Nasema zile za ukutani zinazopitisha maji ya moto kutoka kwenye boila, yaani mtambo wa kupasha maji, siyo ya gari. Baridi ilipoanza nikawasha mfumo, tisa zikapata moto safi kabisa. Ya kumi, ya chumba cha mtoto, ikabaki kama jiwe la mtoni. Juu baridi, chini baridi, kushoto na kulia baridi. Hilo lishikeni, maana wameingia kwangu mafundi watatu, na hakuna hata mmoja aliyeipapasa ile rejeta kutoka juu hadi chini kabla ya kufungua begi la spana.

Wa kwanza hata koti hakuvua. "Hiyo ni hewa bosi, natoa upepo dakika mbili." Rejeta yenye hewa inakuwa baridi JUU na moto chini, kwa sababu hewa inapanda na maji yanakaa chini yake. Yangu ilikuwa baridi yote. Lakini sawa, mimi si fundi, nikanyamaza. Akafungua ile skrubu ndogo ya pembeni, tena boila ikiwa inawaka na pampu inazunguka, jambo ambalo hata maelekezo yaliyokuja na boila yanakataza. Hakukuwa na ule mlio wa "pshhh". Yalitoka maji moja kwa moja, meusi kama wino, yakaruka hadi ukutani na kwenye zulia. Maji yakitoka mara moja bila upepo maana yake hewa hamna, funga, tafuta kwingine. Yeye akaendelea kukinga kikombe cha kwanza, kikombe cha pili, eti "bado inakuja". Akafunga, akachukua hela yake, akaondoka.

Asubuhi nyumba NZIMA baridi. Boila imejizima. Natazama geji, presha iko bar 0.6, wakati jana yake ilikuwa 1.3. Yale maji aliyomwaga hakuyarudisha! Mfumo kama huu, ambao maji yake yamefungiwa ndani, ukiwa umepoa unatakiwa uwe kati ya bar 1 na 1.5, na yeyote anayetoa upepo anajua kwamba akimaliza anarudi kuangalia geji. Nikafungua mwenyewe vile vibomba viwili vya kujazia chini ya boila, taratibu, jicho kwenye geji, ilipofika 1.3 nikafunga. Ukizubaa hapo ikapanda mpaka bar 3, vali ya usalama inafunguka na kumwaga maji nje.

Wa pili huyu ndiye aliyenitia hasira ya kweli. Mtu mzima, mvi kichwani, anaongea kwa upole kama daktari. Akaweka sikio kwenye pampu, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Pampu imechoka, haina nguvu ya kufikisha maji chumba kile." Nikamuuliza, mzee wangu, mbona zile tisa ni moto, na mojawapo iko mbali zaidi na boila kuliko hii? Akanijibu kwamba maji yana tabia yake.

Maji yana tabia yake! Na mimi nikakubali. Nakiri ujinga wangu hapa mbele yenu. Pampu ikifa, rejeta zote zinapoa, au zile za mbali zinapoa pamoja, na boila yenyewe inachemka haraka na kujikata kwa kuwa joto halina anayelisukuma. Sikuwa na dalili hata moja kati ya hizo. Akafunga pampu mpya, nikalipa pampu, nikalipa kazi, na rejeta ya mtoto ikabaki vilevile. Nilipompigia akasema mfumo "utazoea" baada ya siku chache. Mtoto wakati huo analala kwetu, katikati, anapiga mateke usiku kucha.

Wa tatu ni kijana, ana simu mbili na kompyuta mpakato. Kuona lile doa jeusi ukutani tu akapata jibu: tope. Mfumo wote uoshwe kwa mtambo na dawa, kazi ya siku nzima. Sasa huyu sitasema kadanganya moja kwa moja. Ule weusi ni kutu kweli, chuma cha rejeta kinaliwa polepole, na dawa ya kuzuia kutu kwangu haijawekwa miaka mingi. Lakini tope ni zito, linalala. Rejeta yenye tope inakuwa baridi CHINI, hasa katikati, huku juu ina moto. Haiwi baridi mwili mzima usiku mmoja wakati mwisho wa baridi iliyopita ilikuwa inafanya kazi bila shida. Nikamwambia nitafikiria. Tayari alikuwa anataka malipo ya awali.

Usiku ule nikakaa sakafuni chumbani kwa mtoto, boila inawaka, nikafanya kile ambacho hao watatu wangefanya dakika ya kwanza: nikashika mabomba. Kila rejeta ina mawili, la kuleta na la kurudisha. La kurudisha, baridi. La kuleta, linatoka sakafuni MOTO, nusura niungue, linapanda moto mpaka kwenye vali ile yenye kofia ya namba. Kiganja kimoja kupita vali, baridi. Maji yamefika mlangoni yamekuta pamefungwa. Huko kwenye pampu mlienda kutafuta nini?

Nikazizima zile tisa kwa muda kwenye vali zake, maji yote yalazimike kupita hapa. Wapi. Nikaenda vali ya upande wa pili, ile yenye kifuniko cha plastiki, nikaifunga huku nahesabu mizunguko ili nirudishe palepale: mzunguko mmoja na nusu. Kwa hiyo ilikuwa wazi. Nikairudisha, na zile tisa nikazifungua.

Ikabaki vali yenye kofia. Nikaiweka namba ya juu kabisa, nikafungua nati kwa mkono, nikavuta kofia. Ndani yake kuna pini, kama msumari mdogo uliochomoza. Kazi ya kofia ni rahisi: chumba kikipata joto, nta au kimiminika kilichomo ndani kinatanuka na kusukuma pini chini, maji yanafungwa. Chumba kikipoa, nta au kimiminika hicho kinasinyaa, springi inairudisha pini juu, maji yanapita. Yangu ilikuwa imezama. Naigusa kwa kidole, haina hata dalili ya springi. Miezi yote ya joto nilikuwa nimeiacha kofia imefungwa, pini imekaa chini imebanwa, imegandia hukohuko.

Nikaigonga kidogo pembeni kwa mpini wa bisibisi, nikatia tone la mafuta ya kulainisha. Nikaishika kwa koleo dogo kwa adabu, maana ukivuta kwa pupa kuna vali zinazoachia pini yote na maji ya moto yanakufuata usoni. Nikaisogeza nywele moja chini, nywele moja juu. Mara ya nne au ya tano, TAK. Ikaruka juu yenyewe, kama milimita tatu hivi. Nikasikia maji yanaingia, sauti kama mtu anayekunywa uji wa moto. Nikaweka kiganja juu ya rejeta na sikukitoa. Joto likatambaa kuanzia kona ya bomba, likaenea, baada ya robo saa sikuweza tena kuacha mkono.

Gharama: tone la mafuta. Nikaenda na zile tisa nyingine, moja moja, navua kofia nabonyeza pini. Mbili zilikuwa nzito, zilikuwa njiani kugandia. Zote sasa zinacheza, na baridi ikiisha nitaziacha kofia zimefunguliwa hadi mwisho, boila ikiwa imezimwa.

Nikampigia yule mzee wa pampu. Sikumtukana. Nikamweleza habari ya pini nikamwomba anirudishie angalau hela ya kazi. Akacheka. Akasema pampu ilikuwa nzee hata hivyo, ingekufa tu, kwa hiyo amenisaidia. Nikamwambia basi nirudishie ile ya zamani nikaipime kwa fundi mwingine. Kimya. Kisha: "Ile si nilishaitupa, bosi."

Walio kwenye kazi hii humu naomba mnijibu: ni kawaida kwenu fundi kuondoka na kifaa alichokifungua kwa mteja bila kumuuliza? Maana nakumbuka vizuri alivyoifunga kwenye kitambaa safi, akaiweka ndani ya begi pamoja na spana zake.