Tasnifu ya makombora ya kruzi ya ndegeni: AGM-86B, Storm Shadow au Kh-101?

Mwanagenzi_Ngara: Wadau, hamjambo. Naandika tasnifu kuhusu makombora ya kruzi (yanayoruka kwa mabawa na injini kama ndege isiyo na rubani) yanayorushwa na ndege kupiga nchi kavu, na yanavyobadilisha mikakati ya mataifa. Nimebaki na matatu: AGM-86B la Marekani, Storm Shadow la Uingereza na Ufaransa, na Kh-101 la Urusi. Pendekezo linatakiwa Ijumaa. Nichukue lipi?

BiMkubwa_SouthB: Mwanangu, ni shahada ya kwanza au uzamili? Idara gani? Kirusi unasoma? Hujasema kitu, tukushauri vipi?

Rada_Umoja: Funga macho uchukue Storm Shadow. Ukraine ililipata 2023, ikalifunga kwenye Su-24, ndege ya enzi za Kisovieti. Septemba 22 mwaka huo makao makuu ya kikosi cha meli cha Urusi pale Sevastopol yakapigwa. Baada ya mashambulizi ya aina hiyo, meli nyingi zikahamishiwa Novorossiysk. Kombora la masafa ya kilomita 250 na ushei limesogeza kikosi kizima!

Mwalimu_Mstaafu: Hiyo ni habari ya vita kimoja, Rada. AGM-86B linabebwa na B-52, ndege kubwa ya mabomu ya Marekani, linakwenda zaidi ya kilomita 2,400 na kichwa chake ni cha nyuklia. Ndugu yake, AGM-86C, alitengenezwa kwa kubadilisha kombora hilohilo likabeba baruti za kawaida. Januari 1991 ndege saba ziliondoka Barksdale, Louisiana, zikarusha 35 dhidi ya Iraq na kurudi nyumbani, safari ya takriban saa 35. Sasa wewe uliyekaa kwenye rada, utajuaje linalokuja ni lipi? Kwa hofu hiyohiyo William Perry, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, alitaka mwaka 2015 kombora jipya la kurithi AGM-86B, liitwalo LRSO, lisiundwe. Mada ndiyo hiyo.

Karani_Kasarani: Kh-101 likimbie. Mimi msimamizi alinikubalia, nikaandika sura tatu, kisha akaenda likizo ya masomo. Aliyeshika nafasi yake akafungua jedwali langu la masafa: chanzo kimoja kilomita 2,500, kingine 4,500, kingine 5,500. Akazungushia kila tarakimu wino mwekundu na pembeni akaandika "nani kapima?" Hakuna aliyepima, Warusi hawasemi. Sura ikatupwa yote, karo ya muhula mwingine ikanitoka mfukoni. Hadi leo nikiona lile jedwali roho inaniuma.

Mwanagenzi_Ngara: Pole sana, Karani. Ni uzamili, uhusiano wa kimataifa. Kirusi sisomi. Na msimamizi anataka Afrika iwemo.

BiMkubwa_SouthB: Hilo la Afrika ndilo ungeanza nalo!

Jogoo_Road: Afrika tunayo hapa hapa. Ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Nairobi Agosti 7, 1998. Agosti 20 Marekani ikalipiza, makombora yake ya kruzi yakabomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum.

Rada_Umoja: Yale ni Tomahawk, yalitoka kwenye meli. Hayamo.

Jogoo_Road: Wa Khartoum aliyepoteza dawa anajali limetoka wapi?

Mwalimu_Mstaafu: Yeye hajali, lakini sheria inajali. Mkataba wa INF wa 1987, kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti, ulipiga marufuku makombora yanayorushwa kutoka nchi kavu, ya masafa ya kilomita 500 hadi 5,500. Ya meli na ya ndege yakaachwa. Nao New START wa 2010, mkataba wa Marekani na Urusi wa kupunguza silaha za nyuklia, ulihesabu kila ndege nzito ya mabomu kuwa kichwa kimoja cha nyuklia, hata ikibeba makombora kumi na mawili.

BiMkubwa_SouthB: Mwanangu, chukua Libya. Machi 19, 2011 ndege za kivita za Tornado za Uingereza ziliruka kutoka Marham, Norfolk, zikarusha Storm Shadow na kurudi kwao. Kesho yake ujumbe wa Umoja wa Afrika uliotaka kwenda Tripoli kusuluhisha ukanyimwa ruhusa ya kuruka. Mwenye kombora la mbali haoni haja ya kungoja msuluhishi. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Rada_Umoja: Mama, kwa heshima, Afrika Kusini, Nigeria na Gabon zilipigia kura ya ndiyo azimio namba 1973 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuhusu Libya. Tusiwalaumu Waingereza peke yao.

BiMkubwa_SouthB: Walipigia kura kulinda raia. Kumng'oa Gaddafi hakukuwemo.

Jogoo_Road: Azimio linasema "hatua zote zinazohitajika", Mama. Mlango uliachwa wazi.

Mwanagenzi_Ngara: Sasa nimebaki na Libya na hoja ya Mwalimu ya rada. Zinaweza kukaa katika tasnifu moja?

Karani_Kasarani: Muulize msimamizi kwanza kama ana likizo mwaka huu.