Siri ya marehemu mama: mabinti waifukue au waifunike?

Binti Muheza (mwenye mada)

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimemaliza tamthilia nyingine ya mama aliyekufa na siri yake, na sasa nimechoka nazo. Hadithi mnaijua. Arobaini imepita, dada wawili wanagawana kanga za marehemu, chini ya sanduku pana bahasha, ndani ya bahasha picha ya mtoto wa kiume wasiyemjua. Basi tena. Kuanzia hapo ni vilio, muziki wa kushtua, na "kumbe mama alikuwa mtu wa namna hii!" Vipindi arobaini vya kumhukumu mwanamke asiyeweza kujibu.

Baba akifa, watoto wa nje wakatokea matangani, tunanong'ona siku mbili, ya tatu tunawatandikia mkeka. Mama akifa ikajulikana alizaa kabla ya ndoa, ametuaibisha. Na wa kwanza kumhukumu ni mabinti zake wa kuwazaa.

Sisemi siri ifunikwe. Nasema ifukuliwe, ila si kwa ajili ya kumjadili mama. Yule mtoto wa kwenye picha yuko hai. Tamthilia humfanya kidhibiti cha kosa la mama, wakati yeye ni mrithi.

Nisijifiche nyuma ya televisheni, nitoe na langu. Kwa mama tuko mabinti wawili, baba alitangulia zamani, bibi na babu pia. Mama alikuwa na mdogo wake mmoja tu wa kiume, mjomba wetu, ananizidi miaka saba. Shehe aligawa mirathi: sisi theluthi mbili, mjomba kama kaka wa marehemu akachukua theluthi iliyobaki. Nyumba moja na shamba la michungwa.

Mwaka jana bibi mdogo, akiwa kitandani, akatuita. "Yule si mjomba wenu. Mama yenu alimzaa akiwa mwanafunzi, dada yangu akamchukua, akasema ni kitinda mimba wake."

Pigeni hesabu. Akiwa kaka wa marehemu ana theluthi. Akiwa mtoto wake wa kiume ana nusu, nasi tunabaki na robo robo. Yaani ukweli unanipunguzia mimi sehemu moja ya kumi na mbili, na dada yangu vilevile. Dada anasema tumsitiri mama. Mimi naona anasitiri michungwa.

Mngefanyaje?

Mzee Kijiwe

Marehemu hasemwi, mwanangu. Funika kombe mwanaharamu apite. Mtu ana zaidi ya miaka hamsini, ana mke na wajukuu, unakwenda kumwambia mama uliyemzika hakuwa mama yako, na dada uliyemzika ndiye? Umemuuliza kama anataka kujua?

Binti Muheza

Shikamoo mzee wangu. Methali hiyo itamke tena polepole. Mwanaharamu tunayemfunikia ndiye mwenye kombe.

Mzee Kijiwe

Marahaba. Umenijibu methali, swali hukulijibu.

Dada wa Likoni

Huku kwetu Kenya, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981, ina jambo ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 3(2) kinapoeleza "mtoto" ni nani, kwa mwanamume mtoto wa nje ya ndoa anahesabiwa iwapo baba alimtambua, alimkubali au alijitwika kumlea kwa hiari yake. Kwa mwanamke hakuna sharti lolote. Kamzaa, ni wake, hata kama hakumtaja mpaka anaingia kaburini. Sisi Waislamu urithi wetu umetolewa kwenye vifungu hivyo tangu marekebisho ya 1990, twaenda kwa kadhi, lakini hata kwa kadhi mtoto wa nje amrithi mamake. Sheria zote mbili hazimuoni huyu mtoto kuwa muujiza. Ni sisi na televisheni tunaopiga mayowe.

Abuu

Dada wa Likoni amesema kweli. Kwa Masunni mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hamrithi baba, ila humrithi mama, na mama humrithi yeye. Hesabu ya Binti nayo ni sahihi. Lakini haraka ya nini? Nasaba haivunjwi kwa kauli ya mgonjwa mmoja kitandani. Huyu bwana amejulikana nusu karne kuwa mtoto wa babu yenu. Leteni ushahidi kwanza, halafu tuzungumze robo na nusu.

Kijana

Si wapime DNA tu? Mbona rahisi.

Wa Maabara

Si rahisi hata kidogo, na hapa ndipo tamthilia zinapotudanganya kwa bahasha ya majibu kufunguliwa mbele ya ukoo mzima. Mjomba na mpwa wake wanashirikiana kwa wastani robo ya vinasaba. Kaka na dada wa mama mmoja baba mbalimbali, nao ni robo. Ukimpima yeye na Binti, namba haitakuambia ni mjomba au ni kaka. Hata vile vinasaba vinavyorithiwa kwa mama peke yake havisaidii, kwa sababu kwa njia zote mbili vinatoka kwa bibi yuleyule.

Kinachoweza kusaidia ni kromosomu Y, ambayo hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Kama babu alikuwa na ndugu wa kiume baba mmoja, na ndugu huyo ana watoto wa kiume, mlinganisheni naye. Ikitofautiana, basi babu si baba yake, na maneno ya bibi mdogo yanapata uzito. Ila kumbukeni kuwa kwa Tanzania Mkemia Mkuu wa Serikali hapokei mtu aliyejiendea tu na mate yake. Maombi hupitia mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Na yeye mwenyewe sharti akubali kutoa sampuli, kwa hiyo huwezi kumpima bila kumwambia. Mzee Kijiwe hapo amewashinda.

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha sekondari miaka mingi, nikuelezeni siri hizi zilikuwa zinatengenezwaje. Binti akipimwa akakutwa na mimba, shule ndiyo imekwisha. Kanuni za 2002 za kufukuza wanafunzi ziliacha mlango wa kumfukuza kwa "kosa dhidi ya maadili", na kabla ya kanuni hizo desturi ilikuwa hiyohiyo. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni. Mpaka Novemba 2021 ndipo Waziri Ndalichako alipotangaza kuwa wanaweza kurudi.

Sasa mzazi mwenye akili miaka ile alifanyaje? Alimtoa binti mapema, akasema anaumwa, amepelekwa kwa shangazi yake mbali. Mtoto akizaliwa bibi anajifunga kanga ya tumbo, anatangaza kitinda mimba, majirani wanajua na wananyamaza. Binti anaanza upya shule nyingine. Nimewafundisha wawili nilioshuku hivyo, sikuuliza. Mmoja alikuwa wa kwanza kwenye hesabu.

Kwa hiyo Binti, siri ile haikuwa ya mama yako peke yake. Ilikuwa ya bibi, ya babu, na ya mtaa mzima. Bila siri ile huenda mama yako asingekanyaga tena darasani. Nasubiri tamthilia itakayoanzia hapo.

Mwandishi wa Vipindi

Utasubiri sana mwalimu. Nimeandika vipindi, nawajua watayarishaji. Siri huliwa kama muwa, pingili kwa pingili. Mtoto aliyefichwa akikaribishwa kwa wema na kupewa chake kipindi cha tatu, vipindi vingine thelathini na saba nitaandika nini? Kwa hiyo tunamfanya tapeli, au mlipiza kisasi, au anapata ajali kabla hajasema. Mama naye anakuwa malaya kwa sababu hayupo kulalamika. Sijitetei, nawaambia jiko lilivyo.

Kitinda Mimba

Mimi si mjomba wa Binti, ila nami ni kama huyo wa kwenye picha. Nililelewa na bibi, mama yangu nikimwita dada. Nimeambiwa miaka minne baada ya msiba wake.

Mzee Kijiwe anauliza kama tunataka kujua. Shamba sikulitaka. Kinachoniuma ni kwamba siku mama yangu anaoshwa, mimi nilikuwa uani nakatakata vitunguu vya wali wa wageni. Wanawake watano waliokuwa chumbani walijua. Mmoja alitoka akaniomba ndoo ya maji.

Mzee Kijiwe

Pole mwanangu. Hilo sina jibu lake.

Lakini Binti, bado nakuuliza wewe. Na kama akikataa? Akikwambia niache na mama yangu niliyemzika, na theluthi yangu inanitosha?

Binti Muheza

Basi akatae yeye, mzee. Nimesoma maneno ya Kitinda Mimba mara tatu, nikakumbuka kwamba kwenye matanga ya mama, mjomba alikaa nje na wanaume wa jirani anapokea rambirambi, na watu walikuwa wanampa pole ya dada. Mama mwenyewe alikuwa akienda Muheza lazima ashone kanzu moja ya Idi, akisema ni ya mdogo wake. Baba hakuwahi kushonewa.

Jumapili tunakwenda, dada amekubali kuja lakini amesema hafungui mdomo. Sitaanza na shamba. Wa Maabara, babu alikuwa na kaka yake baba mmoja, na mtoto wa kiume wa huyo kaka yuko Korogwe, mzima wa afya. Mwenye kumjua wakili aliyezoea mirathi katika mahakama za Tanga anielekeze, maana sijui hata mgao uliokwisha kufungwa unafunguliwaje.