Mashudu ya nazi, alizeti au soya: protini ya mimea kwa farasi wa pwani

Mtunza Farasi, Bagamoyo

Assalamu alaikum, wakubwa na wadogo. Ninatunza farasi watatu hapa Bagamoyo, ambao kazi yao ni kuwatembeza wageni ufukweni asubuhi na jioni kwa mwendo wa taratibu. Wawili ni madume waliohasiwa, kila mmoja ana uzito unaokaribia kilo 400, na wa tatu ni jike wa uzito huohuo anayenyonyesha mtoto ambaye hajatimiza mwezi. Kwa muda mrefu mwenye mali alikuwa akiwanunulia chakula cha vidonge kinachoagizwa kutoka nje ya nchi, lakini bei imepanda kiasi kwamba hatuwezi kuendelea nacho, na mimi nimepewa jukumu la kutafuta vyakula vya hapahapa vitakavyoziba pengo la protini bila kuwadhuru wanyama.

Chakula chao kikuu ni nyasi: ukoka wanaouchunga wenyewe, pamoja na marobota ya nyasi kavu ambayo wakati wa kiangazi huja yamekomaa sana, mabua mengi na majani machache. Mashudu ya nazi nayapata kwa urahisi, mashudu ya alizeti na ya pamba yapo kwa wauza vyakula vya mifugo, na soya naweza kuagiza Dar es Salaam. Jirani yangu anayefuga ng'ombe wa maziwa ananishauri nitumie majani ya mlusina, ambayo ng'ombe wake wananawiri kwayo, au niwape tu chakula chake cha ng'ombe. Naomba mwenye ujuzi anieleze: je, nichague kwa kuangalia asilimia ya protini iliyoandikwa kwenye mfuko, au kuna jambo jingine la kupima kwanza?

Mchanganya Vyakula, Tanga mjini

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Swali lako ni zuri, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu wafugaji wengi wa ukanda wetu wameyajua mambo ya lishe kupitia ng'ombe wa maziwa, na ujuzi huo hauhamii kwa farasi moja kwa moja.

Ng'ombe huchachusha chakula chake kwanza, katika rumeni, yaani tumbo lake la kwanza, na vijidudu vya humo hutengeneza protini yao wenyewe kutokana na karibu kila kitu chenye naitrojeni. Kisha vijidudu hivyo hushuka kwenye utumbo mwembamba na kumeng'enywa. Ndiyo maana ng'ombe anaweza kula protini duni na bado akatoa maziwa. Kwa farasi mpangilio umegeuka: utumbo mwembamba unatangulia na uchachushaji unafuata nyuma, katika utumbo mpana. Amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini, anazozihitaji kwa misuli, kwato na maziwa hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Protini inayopita hapo bila kumeng'enywa huwafaidi vijidudu wa nyuma, na sehemu kubwa yake huishia kuwa amonia inayotolewa kwa mkojo.

Kwa hiyo, pamoja na asilimia ya protini, tazama ina amino asidi gani. Kwa farasi, amino asidi inayopungua mapema kuliko zote ni laisini, na inayofuata mara nyingi ni threonini. Laisini ikikosekana, mwili hauwezi kuzitumia nyingine ipasavyo hata zikiwa tele. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika mwongozo wake wa lishe ya farasi wa mwaka 2007, linakadiria kwamba farasi wa kilo 500 asiyefanya kazi anahitaji takriban gramu 630 za protini ghafi (protini inayokadiriwa kwa kupima naitrojeni ya chakula) kwa siku, zikiwemo gramu 27 hivi za laisini. Kwa farasi wako wa kilo 400 mwenye kazi nyepesi, hesabu hiyo inakuja karibu gramu 560 za protini na gramu 24 za laisini.

Sasa tuangalie hori lako. Farasi wa kilo 400 hula takriban kilo 8 za chakula kikavu kwa siku. Nyasi zilizokomaa kama unavyozieleza huwa na protini ya asilimia 5 hadi 7. Tukichukua 6, kilo 8 zinatoa gramu 480 za protini na gramu 14 au 15 tu za laisini. Pengo la protini ni dogo, gramu 80 tu, lakini laisini imepungua kwa gramu 9 au 10, yaani zaidi ya theluthi moja ya mahitaji yake. Mfugaji anayehesabu protini peke yake atadhani amebakisha kidogo, kumbe misuli ya mgongo wa farasi inaendelea kuyeyuka.

Kuziba pengo hilo kwa mashudu ya soya, yenye protini ya asilimia 44 hadi 48 na laisini inayokaribia asilimia 3, kunahitaji gramu 350 hivi kwa siku. Kwa mashudu ya alizeti, ambayo laisini yake ni karibu asilimia 1, utahitaji kilo nzima. Kwa mashudu ya nazi, ambayo protini yake ni asilimia 20 hadi 22 na laisini yake ni kama nusu asilimia, utafika kwenye kilo moja na robo tatu au zaidi. Linganisha bei kwa gramu ya laisini, usilinganishe bei ya mfuko kwa mfuko, na mara nyingi utakuta soya, ingawa inaonekana ghali, ndiyo inayokugharimu kidogo.

Hilo halimaanishi kwamba alizeti na nazi hazina kazi. Alizeti ina methionini nzuri, amino asidi nyingine ambayo soya imepungukiwa nayo, na ukichanganya sehemu mbili za soya na moja ya alizeti unapata mchanganyiko ninaouamini kuliko chakula chochote kimoja. Chagua mashudu yaliyotokana na mbegu zilizokobolewa, kwa sababu yenye maganda mengi hushuka protini na kujaa nyuzi ngumu. Nazi nayo inampa farasi nguvu kupitia mafuta na nyuzi zinazochachuka vizuri, huku wanga na sukari yake vikiwa kidogo, na hiyo ni faida kubwa kwa mnyama wa kazi nyepesi asiyehitaji kujazwa nafaka.

Pamba ningeiacha. Ina gosipoli, sumu ya asili ya mbegu hiyo, na sehemu ya laisini yake hufungwa na gosipoli hiyo pamoja na joto la ukamuaji, hivyo mnyama haipati. Farasi mkubwa huvumilia kiasi kidogo, lakini wewe una mtoto bandani.

Jambo la mwisho kuhusu soya: usimpe mbichi kamwe. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani vitu vinavyozuia kimeng'enya cha protini kufanya kazi, na vinaharibiwa na joto. Mashudu ya kiwandani kwa kawaida yamekwisha kupashwa. Ukikaanga mwenyewe, simamia moto ili punje zifikie rangi ya dhahabu hafifu na harufu ya kuiva. Zikiwa za kahawia iliyokolea, laisini yenyewe imeungua na umepoteza ulichokuwa unakitafuta.

Daktari wa Mifugo, Pangani

Namshukuru aliyenitangulia kwa hesabu zake. Mimi nataka kuzungumzia ushauri wa jirani, kwa sababu ndani yake mna hatari ambazo muulizaji hakuzitaja na huenda hazijui.

Mlusina una mimosini, sumu ya asili ya mti huo. Ng'ombe na mbuzi wanaweza kuhimili mimosini ikiwa rumeni zao zina bakteria wanaoivunja. Farasi hana rumeni, na kwake matokeo yanajulikana: singa za shingo na mkia hunyonyoka, na akiendelea kula, kwato huharibika. Protini ya majani hayo ni nyingi kweli, lakini usimpe farasi, hata kama chakula cha nyongeza.

Kuhusu chakula cha ng'ombe wa maziwa, uliza kwanza kimewekwa nini. Baadhi ya mchanganyiko na matofali ya kulamba yana urea, kemikali yenye naitrojeni ambayo ng'ombe huigeuza kuwa protini kupitia rumeni. Kwa farasi, sehemu kubwa ya urea hufyonzwa kabla ya kufika kwa vijidudu na kutolewa kwa mkojo, kwa hiyo asilimia ya protini iliyoandikwa inakudanganya, na kipimo kikubwa humdhuru. Kibaya zaidi ni monensini, dawa inayowekwa katika baadhi ya vyakula vya ng'ombe, na ambayo pamoja na ndugu zake kama salinomisini hutumika pia katika vyakula vya kuku kuzuia koksidiosisi, ugonjwa wa utumbo. Kuku na ng'ombe wanaihimili kwa kipimo chao. Kwa farasi, miligramu 2 au 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili zinaweza kuua, kwa kuharibu misuli ya moyo. Nasisitiza hili kwa uzito wote: chakula cha kuku kisiingie bandani mwa farasi, na kama fundi anakusagia mchanganyiko wako, mwombe asafishe mashine na chombo cha kuchanganyia iwapo chakula cha kuku kimetangulia.

Pia, kabla ya kuongeza protini kwa mnyama aliyekonda, mkague meno, mpime minyoo, na kwa sababu mko karibu na ukanda wa Saadani wenye mbung'o, mpime damu kwa ajili ya nagana. Soya haiponyi ugonjwa. Na protini inayozidi mahitaji nayo ina gharama yake katika joto la pwani: mwili hutoa joto la ziada kuivunja, farasi hunywa na kukojoa zaidi, na amonia inayopanda kutoka sakafuni huwasha mapafu ya mnyama anayelala humo.

Mkamuaji wa Nazi, Muheza

Naongeza machache juu ya mashudu ya nazi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ubaya wake mkubwa huku kwetu ni unyevu. Mbata isipokauka vizuri kabla ya kukamuliwa, ukungu huingia na sumukuvu hubaki ndani ya mashudu, na hiyo huharibu ini. Nunua yale yaliyotoka kwenye mbata nyeupe na kavu. Kataa yenye harufu ya uchachu, yenye madonge au yenye vumbi la kijani. Yahifadhi juu ya vichaga, mbali na ukuta, na usinunue ya kukaa msimu mzima wa masika. Mashudu ya karanga, ambayo hakuna aliyeyataja, yana protini nyingi kuliko ya nazi, ila kwa sumukuvu yanahitaji uangalifu uleule au zaidi.

Mashudu yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo hubaki na mafuta mengi, kwa hiyo huota ukakasi haraka. Kabla ya kulisha, yaloweke kwa maji mpaka yalainike, kisha umpe farasi siku hiyohiyo. Usiyamwage mchangani. Farasi anayeokota chakula kwenye mchanga wa ufukweni humeza mchanga, na mchanga ukijikusanya tumboni huleta msokoto wa utumbo.

Mtunza Farasi, Bagamoyo

Mungu awazidishie wote. Shauri la mlusina nimeliacha leo hii. Nina swali moja lililobaki kwa Mchanganya Vyakula: jike anayenyonyesha naye nimpe gramu 350 za soya kama wenzake? Na je, kuna jani lolote la jamii ya kunde linaloota pwani ninaloweza kumpa kwa usalama badala ya alfalfa, ambayo hapa siipati?

Mchanganya Vyakula, Tanga mjini

Hapana, ndugu yangu, kwa huyo gramu 350 hazitoshi hata kidogo. Jike wa kilo 400 katika mwezi wa kwanza wa kunyonyesha anahitaji karibu gramu 1,230 za protini na gramu 68 za laisini kwa siku, yaani zaidi ya mara mbili ya mahitaji ya wenzake. Asipozipata katika chakula, atazitoa katika misuli yake mwenyewe, na utamwona akipungua mgongoni.

Alfalfa haipendi udongo wenye tindikali wala unaotuamisha maji, kwa hiyo usijisumbue nayo. Tumia majani ya kunde, yakivunwa wakati wa maua na kuanikwa kivulini, ambapo protini yake hufika takriban asilimia 15. Au mabua ya karanga yenye majani yake, mradi yakung'utwe mchanga na yasiwe na ukungu hata kidogo. Kwa jike huyu ningeanzia na kilo 3 za majani makavu ya kunde, kilo 5 na nusu za nyasi changa kuliko hizo za marobota, na kilo 1.2 za mashudu ya soya yaliyogawanywa katika milo mitatu. Hapo unafika mahitaji yake na unavuka kidogo kwa upande wa protini, jambo ambalo kwa mnyonyeshaji halinisumbui. Anza na robo ya kipimo hicho cha soya na upandishe polepole kwa muda wa wiki mbili, kwa sababu utumbo mpana wa farasi haupendi mabadiliko ya ghafla.

Majani ya kunde yatakusaidia pia kwa kalsiamu. Mashudu yote tuliyoyataja, na pumba hasa, yana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na baadhi ya nyasi zetu, kama majani ya gini, zina oksaleti inayoifunga kalsiamu hiyo kidogo iliyopo. Farasi anayelishwa pumba na nyasi hizo tu hudhoofika mifupa, hadi uso ukavimba. Weka chokaa ya mifugo katika mchanganyiko, na pumba zipunguze.

Mtoto ataanza kuonja chakula cha mama yake mwenyewe. Akifika mwezi wa tatu hivi, maziwa yanapoanza kupungua, mtengee sehemu ambayo wakubwa hawafiki na umpe kidogo kidogo mchanganyiko wenye protini ya asilimia 15 au 16, ambao sehemu kubwa ya protini yake imetoka kwenye soya. Kwa mnyama anayekua, laisini ikipungua hata kidogo utaiona kwenye kimo chake.

Hesabu zote nilizokupa zimesimama juu ya makadirio ya nyasi zako. Chota nyasi kutoka marobota kadhaa, katikati na pembeni, zichanganye, na upeleke sampuli kwenye maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) kule Temeke, Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wapime protini ghafi, kalsiamu na fosforasi. Majibu yakitoka yalete hapa, nami nitakupangia upya vipimo vya kila farasi.