Nimeuziwa ngao ya bati kwa bei ya ngao ya chuma, Coaster yangu imetobolewa rejeta na bulba yake yenyewe

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Nimekaa siku mbili kando ya barabara mbele kidogo ya Doma, njia ya kwenda Mikumi, mimi, mke wangu na watoto wawili, gari limetobolewa rejeta na bulba, ngao ya mabomba inayokaa mbele ya bampa, niliyoilipia shilingi 1,450,000 ili iilinde rejeta hiyo hiyo.

Gari ni Coaster ya zamani, injini 1HZ ya dizeli, silinda 6. Ilikuwa daladala. Niliinunua bodi imechoka lakini chesisi nzima na injini nzima. Nikang'oa viti vyote, nikaweka vitanda viwili, jiko la gesi, tangi la maji la lita 120 na sola juu. Lengo ni kwenda na familia hifadhi ya Ruaha na kulala ndani ya gari, tusitegemee hoteli. Kazi ya mbao nimeifanya mwenyewe miezi saba, kila Jumamosi na Jumapili. Kazi moja tu niliyomwachia mtu ni ngao ya mbele, ile mnayoiita bulba, kwa sababu kuchomelea siwezi.

Kwa asiyeijua Coaster, ile gari haina pua. Dereva anakaa mbele kabisa, magoti yake na barabara vinatenganishwa na bati na kioo. Injini iko chini ya kile kifuniko kati ya viti vya mbele, rejeta, inayopoza maji ya injini, iko nyuma ya shoo, ile grili ya mbele. Kutoka bampa mpaka rejeta ukipima kwa mkono ni shibiri moja na kidogo. Land Cruiser ikigonga mnyama, boneti inaumia kwanza na watu wanabaki. Coaster ikigonga, kinachofuata baada ya shoo ni rejeta, na kinachofuata baada ya bati ni miguu ya dereva. Na njia yangu ni ya Mikumi. Ile barabara inakata katikati ya hifadhi kama kilomita 50 hivi, swala, nyati na tembo wanavuka wanapotaka. Kwa hiyo sikuitaka ngao kwa ajili ya urembo. Niliitaka kwa ajili ya miguu yangu.

Nilimchorea fundi kwenye karatasi. Bomba la inchi 3, unene mm 4. Braketi mbili za sahani ya chuma mm 8, moja kila upande, zinazoingia ndani mpaka kwenye reli za chesisi, ile mihimili miwili mirefu ya chuma inayobeba gari, na kufungwa kwa bolti nne nne, zile zenye namba 8.8 kichwani. Nilimwambia asichomelee chochote kwenye chesisi, maana moto unaudhoofisha ule chuma na ufa huanzia pembeni mwa welding. Nilimwambia pia mbele ya shoo paachwe wazi, rejeta ipumue. Akasema "usijali bosi, hizi ndizo kazi zetu". Hela yote alipewa nusu mwanzo, nusu siku ya kuchukua gari.

Siku ya kuchukua, ngao ilikuwa inapendeza, naikiri hiyo. Rangi nyeusi inang'aa, na juu yake kaweka spotilaiti nne ambazo sikuziagiza, zimepangwa mstari mbele ya shoo. Ilikuwa saa moja usiku. Niliitikisa kwa mikono, haikutikisika, nikalipa.

Safari ya kwanza ya Iringa, nikipanda mlima wa Kitonga, geji ya temperecha ikapanda kuliko nilivyowahi kuiona kwenye gari hili. Nilisimama mara mbili ipoe. Nikadhani ni themostati, nikaibadilisha. Kumbe ni zile spotilaiti na bamba la katikati ya ngao, vimeziba hewa inayotakiwa kuingia. Hilo nimelijua juzi.

Juzi sasa. Jioni, ndama katokea upande wa kushoto. Nilishakanyaga breki, sidhani kama nilikuwa nafika kilomita 30 kwa saa. Ndama mwenyewe aliinuka akaondoka akichechemea, na mwenye ndama tumemalizana naye vizuri pale pale. Lakini ngao ilikunjika kuelekea ndani. Mguu wa kulia wa ngao ukapita kwenye shoo, ukaingia kwenye rejeta kama mkuki. Maji yote chini.

Likaja lori, dereva muungwana, akajitolea kutuvuta mpaka Mikumi mjini. Tukatafuta ringi ya kuvutia. Iko nyuma ya ngao! Fundi kaifunika kabisa, na ngao yenyewe imekunjika juu yake. Kufunga mnyororo kwenye ngao hakuna aliyethubutu. Yule dereva akaomba radhi, akaondoka. Ndiyo siku mbili zikaanzia hapo.

Fundi aliyeletwa kesho yake aliingia uvunguni, akatoka akaniuliza nani kanifanyia hivi. Ile ngao haijafika kwenye chesisi kabisa. Braketi ni vipande vya flati baa vyembamba vilivyochomelewa kwenye bati la bodi, chini ya bampa, sehemu ambayo hata bampa lenyewe halishikwi. Bolti ziko mbili tu. Tulipolikata lile bomba kwa grenda, tukapima ukuta wake: mm 1.5. Hilo ni bomba la kutengenezea viti vya bustani. Nimelipia mm 4.

Nimerudi kwake na vipande mkononi. Jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Alisema: "Ngao imefanya kazi yake, imekunjika yenyewe ili wewe usikunjike." Kuna watu wawili pale gereji walitikisa kichwa kukubali, kwa sababu inasikika kama elimu. Ni kweli magari ya kisasa yanatengenezwa yakunjike mbele. Yanakunjika kwa sababu yana nafasi ya kukunjikia. Mimi nina shibiri moja, na ndani ya hiyo shibiri kuna rejeta. Kwenye gari lisilo na pua, ngao ama inaushusha mgongano kwenye reli za chesisi, ama isiwepo kabisa. Ya kwangu ilikuwa mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana bila ile ngao ndama angebonyeza bampa na mimi ningefika Mikumi.

Naongeza hapa baada ya kusoma majibu. Mkuu uliyesema ningesimamia kazi mwenyewe: mimi ni mwalimu, niko darasani siku tano. Nimelipa ili mwenye ujuzi asimamie. Mgonjwa hasimamii upasuaji wake.

Na wewe uliyesema ngao zinaua watembea kwa miguu, hapo sibishani. India walizipiga marufuku mwaka 2017 kwa sababu hiyo. Ndiyo maana nilitaka za bolti, zifunguliwe nikirudi mjini, zifungwe nikienda porini. Fundi kuchomelea kaniondolea hata hilo.

Sitaji jina la gereji, msiniombe. Nimempa mpaka Ijumaa arudishe 1,450,000 na gharama ya rejeta. Asiporudisha, naenda Mahakama ya Mwanzo na vile vipande, na ule mchoro ambao yeye mwenyewe aliandika "sawa" chini yake kwa kalamu yake.

Wenye Coaster mliofunga ngao na ikashika, naomba picha za uvunguni, siyo za mbele. Nataka kuona braketi inakamata reli sehemu gani, na mmefanyaje ringi ya kuvutia ibaki wazi. Ambaye gari lake liko Morogoro au Iringa, nitalifuata nilione kwa macho.