Nihame Brixton au nivumilie? Naombeni ushauri wa kweli

Mtoto wa Tukuyu (mleta uzi)
Habari za jioni wanajamvi. Nina miaka 31, nipo London mwaka wa pili, nalea wazee shifti ya usiku. Nimepanga chumba Brixton kwa bibi mmoja wa Kijamaika, tunaishi wawili tu. Shida yangu ni usingizi. Natoka kazini saa mbili asubuhi, nikifika stesheni mhubiri ameshashika kipaza sauti, muuza ubani kafungulia rege, na Jumamosi jirani anatoa nje maspika makubwa kama makabati. Wiki iliyopita alifariki mzee wa nyumba ya pili, wakakesha. Domino zinapigwa mezani pwa! pwa! mpaka alfajiri, samaki wa kukaanga, ramu, nyimbo za kanisani. Wao wanaita usiku wa tisa. Rafiki yangu ananiita tukapange wote Milton Keynes, kumetulia. Nihame au nivumilie? Naogopa siku moja nitamdondosha mgonjwa.

Kaka wa Manzese
Hama. Mimi nilikaa miaka mitatu ukuta kwa ukuta na baa. Mpaka leo nikisikia besi nageuka kuangalia kama mlango umefungwa. Mwenye baa alikuwa ananipa soda kila Ijumaa ili nisiende serikali ya mtaa, na mimi nikawa nakunywa. Hama mapema.

Mama Wawili wa Leicester
Mdogo wangu, hayo ni matanga. Kwetu hatukeshi? Wanaume hawachezi karata msibani? Ulienda kutoa pole, au ulijifunika shuka ukahesabu domino?

Mzee wa Reading
Ukiishi nyumba moja na mwenye nyumba, notisi ya kawaida ni kipindi kimoja cha kodi. Unalipa kwa mwezi, mpe mwezi. Vizibo vya masikio vinauzwa kila duka la dawa, pazia zito nalo linasaidia. Ila mtu anayehama kwa ajili ya kelele huwa anaaga tu akaenda. Wewe umefungua uzi. Unadaiwa?

Mtoto wa Tukuyu
Sidaiwi kodi hata senti.

Mzee wa Reading
Kodi sikuitaja, binti yangu.

Mtoto wa Tukuyu
Haya. Kuna mchezo. Wajamaika wanauita pardner, ni upatu wetu uleule, na kijumbe ni bibi. Tuko 20, kila mtu pauni 50 kwa wiki, tunampelekea Jumapili akitoka kanisani. Mimi nilipokea wiki ya 5, pauni 1,000. Zimebaki wiki 15. Zile pesa nimeshazilipa kushikia nyumba ya Milton Keynes. Lakini sikimbii mtu! Nitatuma kwa benki kila wiki. Kuhama si dhambi, na ile ilikuwa zamu yangu.

Binti Ilala
Ngoja. Mimi nimekuwa kijumbe miaka 6. Mgeni huwekwa mkiani mpaka tumjue. Wewe zamu ya 5 ulipewa na nani?

Mtoto wa Tukuyu
Ilikuwa zamu ya bibi mwenyewe. Nilimwambia nina shida nyumbani, akanipisha. Na shida ipo, mdogo wangu anadaiwa ada. Sikusema uongo. Sikusema yote tu.

Binti Ilala
Ada imelipwa?

Kipanga
Jamani hii ni chai. Nina miaka 9 Uingereza. Wajamaika na upatu wapi na wapi? Halafu chumba Brixton kwa mshahara wa kulea wazee? Huyu kachukua kisa cha Mbagala akakipandisha ndege.

Kaka wa Manzese
Chai ya maziwa kabisa, na mimi nimeshatoa stori ya baa yangu bure.

Mzee wa Reading
Kipanga, miaka 9 ni michache. Meli ya Empire Windrush, iliyoleta Wajamaika wengi Uingereza, ilitia nanga bandari ya Tilbury Juni 1948. Abiria zaidi ya 200 waliokosa pa kulala walipelekwa kwenye handaki la vita chini ya stesheni ya Clapham South, na ofisi ya kazi iliyokuwa karibu nao ilikuwa Coldharbour Lane, Brixton. Wakatafuta vyumba huko huko. Wenye nyumba wengi hawakutaka watu weusi, benki nazo ziliwanyima mikopo. Wakakusanyana kwa pardner, huyu akipokea analipa malipo ya kwanza ya nyumba, halafu anawapangisha wenzake waliofuata. Watrinidad wanauita susu. Nilifanya kazi na Wajamaika miaka ya tisini, nilicheza nao mara mbili. Sijawahi kuona Jumapili imeruka.

Kipanga
Sawa mzee, hilo nimelipokea. Ila yeye athibitishe. Ukitoka nje ya stesheni ya Brixton, mtaa wa soko wa Electric Avenue unakata wapi?

Mtoto wa Tukuyu
Kushoto, halafu kushoto tena. Kuna mapipa ya mikia ya nguruwe iliyotiwa chumvi, magimbi wanayaita dasheen, shelisheli, ndizi mzuzu, na pilipili kama pilipili mbuzi zetu. Mchicha wanauita callaloo. Siku ya kwanza bibi aliponipikia na samaki mkavu wa chumvi nililia mezani, akadhani ni pilipili. Kodi yangu ni ndogo kwa sababu alitaka mtu wa kusali naye, si mtu wa pesa. Daftari lake la mchezo ni la shule, kalipiga mistari kwa rula, majina kwa penseli. Wiki ya 5 lilikuwepo jina lake. Alilifuta kwa kifutio akaandika langu juu yake, na ukiinamisha karatasi kwenye taa bado unaliona la kwake chini. Hiyo ndiyo inaninyima usingizi. Haya, mmefurahi?

Kipanga
Nafuta neno langu, dada. Samahani.

Mama Wawili wa Leicester
Mwambie kabla hujafunga begi. Mwambie jikoni, uso kwa uso, pamoja na jina la mtaa unaohamia. Benki itapeleka pauni 50, lakini atakayeulizwa na wale 18 "yule binti yuko wapi?" ni yeye. Na akikwama mmoja, kijumbe anafidia mfukoni.

Binti Ilala
Anafidia. Mimi niliuza cherehani.

Mtoto wa Tukuyu
Nyumba ya Milton Keynes naingia tarehe moja, siwezi kurudi nyuma, rafiki yangu ameshalipa nusu yake. Ada bado haijalipwa. Bibi sijamwambia. Leo kaloweka samaki tangu asubuhi, ananiita nikachambue mchicha. Bahasha ya kesho nimeshaiweka 50.

Mzee wa Reading
Nenda kachambue. Sisi tupo.

Kaka wa Manzese
Kwani magimbi huko Brixton wanauza kilo bei gani?